Nguo za Jumamosi: namna ya kuzipata ukishavuka miaka 30

Siku niliyoamua kuhesabu, kabati langu lilikuwa na sare za harusi 11, magauni ya ofisini 7, na fulana 9 ambazo hata moja sikuinunua. Mbili zilikuwa za kampeni, tatu za semina, moja ya mbio za hisani, moja ya matangazo ya simu, na mbili sijui ziliingiaje nyumbani kwangu. Nguo ya kutokea Jumamosi saa nne asubuhi, shoga akipiga simu tukale samaki, haikuwepo.

Nadhani wengi wa rika langu tuko hivyo. Nguo ya kazi unainunua kwa sababu kazi inaidai. Sare ya harusi unaletewa kitambaa na kuambiwa bei. Nguo ya siku ya kawaida hakuna anayekudai, basi inajileta yenyewe: ya bure, ya kurithi, au ya zamani iliyoshushwa cheo. Ukiwa na miaka 22 hilo halikusumbui, maana chochote unachovaa kinakaa. Ukifika 34 mwili umebadilika (mimi nina watoto wawili), visenti vipo kidogo, muda haupo, na vitopu vya chuo vinakubana hadi roho. Dera nalo unaliona bado mapema kulifanya vazi la kila mahali. Mama yangu hakuwa na tatizo hili. Alipofika 35 alikuwa na magauni yake ya kitenge ya kutokea na kanga zake za nyumbani, mjadala ukafungwa.

Hii ndiyo njia niliyoifuata hapa Dar es Salaam, kwa miezi kama sita. Kaka anayesoma anaweza kuifuata vilevile. Penye sketi aweke kaptula.

Hatua ya 1: Itazame kamba ya kuanikia

Usianze sokoni, wala usianze na picha za mitandaoni. Kwa wiki tatu, kila siku ya kufua, simama dakika moja mbele ya kamba uandike kwenye simu nguo zako zilizoanikwa, ukiziacha za kazini. Kabati hudanganya. Lina nguo unazotamani kuzivaa, ulizonunua kwa hasira, na za siku utakayopungua. Kwenye kamba ziko ulizovaa kweli.

Wiki ya tatu ikiisha utaona kuna zinazojirudia. Kwangu zilikuwa nne: shati la mume wangu lililopauka, sketi ya kaki ya mtumba, gauni moja la pamba la mikono mipana, na fulana moja ya semina, ya bluu iliyoiva. Zile nyingine nane hazikuwahi kufika kambani.

Zitandaze kitandani uziulize maswali. Kwa nini fulana hii na si zile? Nilizipanga zote tisa, nikazivaa moja baada ya nyingine, na jibu likawa shingoni: hii moja shingo yake imelegea, zile nyingine zinanikaba. Kwa nini sketi ya kaki? Ina mifuko. Kwa nini shati la baba watoto? Halishiki makwapani, na mkono wake ukikunjwa unaishia kwenye kiwiko. Endelea hivyo mpaka uweze kuandika sentensi moja. Yangu ilikuwa hii: pamba, shingo iliyolegea, makwapa mapana, mkono wa kufika kiwikoni, chini ya goti, mifuko, rangi ya bluu iliyoiva au ugoro au damu ya mzee. Sikuwahi kujua kwamba napenda damu ya mzee. Ningeulizwa ningesema nyeupe, kwa sababu nyeupe ndiyo ninayoipenda kwa wenzangu.

Kisha toa nguo tatu ulizozinunua kwa pesa yako na hazivaliki. Hizi zina faida kuliko unavyodhani. Mimi nilikuwa na kitopu cheupe cha poliesta kinachonishika mgongoni kila nikitoka jasho, jinzi iliyobana ambayo nikikaa lazima nifungue kifungo, na gauni la maua makubwa. Hilo gauni halina kosa lolote. Nililinunua kwa sababu lilimpendeza mtu mwingine kwenye picha, akiwa kwenye baridi, na koti juu. Februari ya Dar, joto limepita nyuzi 30 na hewa imejaa unyevu, nguo ya kuvaliwa na koti juu ni ya kutazama tu.

Hatua ya 2: Orodhesha unakokwenda

Hii ni ya dakika tano. Andika mahali ulipokwenda wikendi nne zilizopita. Kwangu: sokoni, shuleni kwa mtoto, kumjulia hali jirani, kikao cha harusi, ufukweni mara moja tu. Nilikuwa nikinunua nguo za ufukweni kana kwamba naishi Nungwi.

Utagundua pia kwamba nguo ya Jumamosi ya mtu mzima hubeba kazi ambayo ya kijana haibebi. Unaweza kutoka kununua nyanya ukapigiwa simu ya msiba ukiwa njiani. Kwa hiyo mimi ninataka nguo ambayo nikiongeza kanga iliyomo kwenye mkoba naweza kuingia msibani bila kurudi nyumbani. Kama wewe unajifunika kichwa, chagua mtandio kwanza na blauzi baadaye. Rangi ya mtandio ndiyo iliyo karibu na uso.

Hatua ya 3: Pima nguo, mwili uache

Mwili una siku zake. Nguo inayokukaa vizuri haibadiliki, basi pima hiyo. Chukua futi ya fundi, laza shati kitandani, linyooshe bila kulivuta, kisha pima kutoka kwapa hadi kwapa, bega hadi bega, na bega hadi upindo. Suruali: kiuno ikiwa imefungwa, nyonga mahali palipo papana zaidi, kutoka kiunoni hadi maungio ya miguu, na mguu kwa ndani hadi chini. Kipimo cha maungio hayo ndicho wengi hawakijui, nacho ndicho kinachoamua kama suruali itakukata ukikaa.

Namba za kwenye lebo ziamini nusu. Gauni la namba 40 la Ulaya huwa sawa na 12 ya Uingereza na 8 ya Marekani, na katika rundo moja la mtumba utazikuta zote tatu zimelaliana. Jinzi huandikwa inchi: 32 ni kiuno cha sentimita 81 hivi, lakini ikivaliwa miaka miwili kabla ya kukufikia imetanuka, au imeoshwa kwa maji ya moto ikajikunja na kuwa ndogo. Futi haijali lebo.

Vipimo vyako viandike kwenye karatasi ndogo ukae nayo kwenye pochi. Simu sokoni si ya kutoa ovyo.

Hatua ya 4: Nenda mtumbani kama mtu anayejua anachotafuta

Mimi huenda Karume, Ilala. Wengine wanapenda Tandika au Manzese. Nairobi kuna Gikomba na Toi, ambako nguo bora kabisa iliyochambuliwa kwanza huitwa kamera. Popote ulipo, kanuni ni moja: ukifika umechelewa unachagua katika yaliyokataliwa. Waulize wauzaji siku wanayofungua balo la aina unayoitaka, maana kuna balo la mashati, balo la sketi, balo la nguo za watoto, na anayeuza mashati hauzi sketi. Ukimpata muuzaji ambaye jicho lake linafanana na lako, mtunze. Mwambie sentensi yako. Baada ya moto wa Januari 2022 soko la Karume niliwapoteza niliowazoea, nikaanza upya kujuana na watu, na ilinichukua muda kuliko kutafuta nguo zenyewe.

Kuhusu kuvaa: nenda na sketi pana ya lastiki na fulana nyembamba inayoshika mwili. Chumba cha kujaribia hakipo, lakini suruali inapandishwa chini ya sketi na shati linavaliwa juu ya fulana. Ile mbinu ya kuzungusha kiuno cha suruali shingoni, ncha zikikutana nyuma basi inakutosha, ni ya kubahatisha tu. Kwa mwenye shingo nene kama yangu hupunguza inchi mbili za matumaini.

Sasa mikono yako ifanye kazi kabla ya macho. Pita kwenye rundo ukigusa. Kitambaa kinachokupendeza utakitambua kwa vidole, na rundo la nguo 200 utalimaliza kwa dakika kumi kwa kuvuta zile tu ambazo mkono umezikubali. Ukishavuta, soma lebo ya ndani ubavuni. Huenda haitakuwa kwa Kiingereza, kwa sababu mtumba unatoka kila upande. Pamba kwa Kijerumani ni Baumwolle, kwa Kifaransa coton, kwa Kiholanzi katoen, kwa Kiswidi bomull, kwa Kihispania algodón, kwa Kituruki pamuk. Kitani kwa Kijerumani ni Leinen, kwa Kifaransa lin. Mimi nina shati la kitani lililouzwa bei ya fulana kwa sababu lilikuwa limekunjamana kama karatasi ya maandazi na hakuna aliyesoma lebo. Kitani hukunjamana; ndiyo tabia yake, nacho ni kati ya vitambaa vinavyopitisha hewa vizuri zaidi. Ukiona pamba asilimia 98 na elastane (uzi unaovutika) asilimia 2 kwenye jinzi, ni sawa, hiyo mbili ndiyo itakayokuruhusu kuchuchumaa. Poliesta 100 iache kwenye rundo, hata kama rangi inakuita.

Halafu kagua, na ukague kwa mpangilio uleule kila mara ili usisahau. Makwapa kwanza: inua nguo uiangalie kwenye mwanga, doa la njano la jasho la miaka halitoki. Kisha ndani ya kola. Kisha maungio ya miguu ya suruali, mahali mapaja yanaposuguana, maana kitambaa kikishakuwa chepesi hapo kimebakiza miezi miwili. Fungua na funga zipu mara tatu. Tundu dogo kwenye mshono halina neno, fundi yupo. Tundu katikati ya kitambaa liache. Kifungo kilichopotea ni sababu ya kupunguziwa bei, si sababu ya kuacha shati, na mara nyingi cha akiba kimeshonewa kwa ndani karibu na upindo.

Bei sitakupangia. Nitasema hili tu: usishike nguo kwa mikono miwili ukiikumbatia halafu ukauliza bei. Ishike kwa vidole viwili. Uliza ya nguo tatu pamoja, ukubali mbili. Na usikasirike kijana akikuita mama. Mwaka jana mmoja, ambaye zamani alikuwa akiniita mrembo, aliniambia, “Mama, hii itakukaa, ina heshima.” Niliumia hadi kituo cha daladala. Nilipofika nyumbani nikaivaa, na kwa kweli ilinikaa.

Usinunue zaidi ya tatu kwa safari moja. Ya nne huwa unanunua kwa sababu umechoka.

Hatua ya 5: Fundi, lakini kwa masharti

Nguo nyingi za mtumba zinakosea kitu kimoja tu: mkono mrefu, ubavu mpana, suruali inayoburuza. Kurekebisha hivyo ni kazi ndogo kwa fundi wa mtaani, na ndiyo inayotofautisha nguo iliyookotwa na nguo yako. Mabega yaache. Shati likikuzidi mabegani fundi atalazimika kufumua mikono yote miwili, na likirudi litakuwa na hasira. Chagua nguo inayokukaa mabegani, kisha upunguze mengine. Suruali ifue kwanza ndipo ikatwe, na kipande kilichokatwa kidai, siku moja kitakuwa kiraka.

Kushonesha mpya ni jambo jingine. Hapa tuna bahati ambayo watu wengi duniani hawana: unaweza kuchukua ile nguo moja inayojirudia kambani ukaiga yenyewe mara tatu. Nilifanya hivyo kwa lile gauni la mikono mipana. Mara ya kwanza nilikosea. Nilimweleza fundi kwa mdomo, nikachora kwa mkono hewani, akaitikia kila kitu. Gauni lilirudi na mabega yaliyotuna kama ya bibi harusi. Fundi hakuwa na kosa kubwa. Nilimwambia “mikono mipana” naye akanipa upana anaoujua yeye. Mara ya pili nilimwachia gauni lenyewe, na karatasi imebanwa kwa pini: kila kitu kama hili, mifuko iwe ya kuingia kiganja kizima. Likatoka.

Mambo matatu kuhusu kitambaa kabla hujampelekea. Kwanza, ukiuziwa kitenge kwa jina la pamba, omba uzi mmoja wa pembeni uuchome kwa kiberiti: pamba huungua kama karatasi na kubaki majivu mepesi, poliesta huyeyuka na kuacha donge gumu jeusi. Usiuchome ukiwa umeushika karibu na vidole, wala karibu na marobota ya watu. Pili, kiloweke usiku kucha ukianike kabla ya kushona, maana pamba hujikunja maji ya kwanza, na bora ijikunje ikiwa kitambaa kuliko ikiwa gauni. Tatu, maua makubwa yana juu na chini. Mwambie fundi, la sivyo utakuta ndege wanaruka kichwa chini mgongoni kwako.

Na tarehe. Fundi anayesema “njoo Ijumaa” ana maana Ijumaa mojawapo. Usimpe kazi ya nguo za Jumamosi wiki mbili kabla ya Idi, Krismasi au msimu wa harusi. Mpe Januari ya kati au baada ya sikukuu, atakushonea kwa utulivu na ataweza kukusikiliza.

Hatua ya 6: Ukinunua kwenye simu

Muuzaji wa mtandaoni usimuulize kama anayo saizi yako. Muulize kwapa hadi kwapa ni inchi ngapi nguo ikiwa imelazwa, kisha fungua ile karatasi kwenye pochi. Asiyetaka kupima hataki kuuza. Omba picha iliyopigwa mchana karibu na dirisha, ya lebo ya ndani, na ukiweza lipa mzigo ukifika. Viatu usinunue hivi hata siku moja. Makobazi ya ngozi na raba moja safi vinatosha Jumamosi zote, na vyote vijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kwa siku nzima.

Hatua ya 7: Ijaribu kabla hujaitoa nje

Ivae nyumbani nusu siku. Inua mkono kana kwamba umeshika bomba la daladala uone kama tumbo limebaki nje. Chuchumaa kama unayewasha jiko. Kaa kwa upande kama uko kwenye bodaboda. Kula ugali. Nguo ikikusahaulisha kwamba umeivaa, imefaulu. Ukijikuta unaivuta chini mara ya tatu, mpe mdogo wako leo, usisubiri upungue.

Kufua: mara ya kwanza kila nguo ya rangi peke yake. Igeuze ndani nje, uianike kivulini, kwa sababu jua letu la saa saba linaipausha bluu iliyoiva kuliko sabuni yoyote. Kwenye lebo, pembetatu iliyokatwa maana yake hakuna kutia jiki, na vidoti ndani ya picha ya pasi ni joto: kimoja ni pasi vuguvugu, vitatu ni kali, kama ya pamba na kitani.

Zikishafika nguo sita au saba zinazofika kambani kila wiki, acha kununua kwa miezi mitatu uone kinachokosekana kweli. Kwangu ilikuwa kaptula ndefu, basi. Na ndipo nilipozigeukia zile sare 11. Nilimpelekea fundi nne. Mbili zikawa blauzi, moja sketi yenye mifuko, na ya nne, lesi ya rangi ya chungwa ya harusi ya binamu, tuliitazama wote wawili kwa muda mrefu akaniambia, “Hii, dada, mrudishie kabati.”